Waridi Tulilolikata kama Kayaba

Waridi hilo tulilipata pamoja na shamba. Mzungu alipoondoka Kabazi na ardhi ikagawanywa, kipande chetu kiliangukia pale palipokuwa lango lake, na waridi lilikuwa limeupanda mti wa mkima wa langoni mpaka juu. Mama mkwe wangu, aliyewahi kufua nguo kwenye nyumba hiyo, alisema mke wa Mzungu alilileta kwa meli, kijiti tu, kimefungwa kwa gunia bichi. Jina la Kizungu la waridi hilo mama mkwe alilitamka kivyake, nami bado nalikumbuka hivyo hivyo.

Halikuwa kama haya maua ya siku hizi ya kupelekwa ng'ambo, yaliyosimama kama askari. Matawi yake yalikuwa marefu, laini, yakitafuta pa kuegemea. Miiba ilikuwa michache lakini imepinda kama kucha za paka. Ikikushika leso, ni kurudi nyuma polepole. Lilichanua mara moja tu kwa mwaka, baridi ya Julai ikishapita: maua madogo, mashada mashada, yanaanza pinki yanaishia meupe. Mtu aliipata harufu akiwa barabarani, kabla hajaona lango.

Mume wangu alipostaafu kazi ya reli, alitaka boma lipendeze. Mkima ukapasuliwa mbao, waridi likalazwa juu ya fensi ya miti ya kayaba. Sasa kayaba hukatwa kila Desemba, watoto wasije Krismasi wakakuta msitu. Mzee alivuta kamba, akashika panga, akanyoosha yote pamoja, kayaba na waridi. Likaacha kuchanua.

Tukasema limezeeka. Tukalimwagia mbolea ya ng'ombe. Likatoa majani, majani tu. Miaka ikaenda hivyo mpaka mzee akaugua, akawa mtu wa kukaa kwenye kiti mlangoni. Kila baridi ikiisha ananiuliza, "Mama watoto, bado?"

"Bado, Baba."

"Limetukasirikia."

Siku moja jirani yangu, mjane mwenye mdomo, akaniita. "Mama, njoo uone! Waridi lenu limehamia kwangu." Tawi moja lilikuwa limevuka fensi, limelala juu ya mabati ya stoo yake, limejaa maua. "Mimi sina mtu wa kukata," akasema. "Nyinyi mnalinyoa kila Krismasi kama kichwa cha mtoto wa shule. Litachanua saa ngapi?"

"Na hukusema!"

"Si nimeliona leo nikianika mahindi!"

Ndipo tukajua. Linachanua kwenye tawi la mwaka jana, na la mwaka jana ndilo tulilokuwa tunalikata. Nilimpelekea mzee shada. Akalinusa.

"Desemba asiguse mtu," akasema. "Nataka kuliona kwenye fensi yangu."

Watoto walikuja Krismasi wakaicheka fensi, lakini hakuna aliyeigusa. Mwaka uliofuata, baridi ikiwa bado kali, matawi yakaanza vitumba kama punje za mtama. Nilivunja kimoja nikamwekea kiganjani. Akakibonyeza kwa vidole. "Bado kidogo," akasema.

Hakufikia.

Nilikuwa nimekalishwa kwenye godoro sebuleni na akina mama, kama ilivyo desturi kwa mfiwa, nje vijana wakitayarisha boma kwa mazishi: hema, viti, njia ya gari. Nikasikia panga. Panga likiingia kwenye fensi nalijua linavyolia. Nikajaribu kuinuka, akina mama wakanishika mabega.

"Tulia, Mama. Lia tu, ni vizuri."

Walidhani ni uchungu wa mzee. Na kweli, ulikuwa huo huo.

Baadaye mmoja wa vijana akaingia, shati limelowa jasho, akachuchumaa mbele yangu. "Shosho, pole. Tumenyoosha fensi yote. Hata lile tawi lililosumbua stoo ya jirani tumelitoa. Mzee angefurahi, alipenda usafi."

Nikamshukuru. Nikamwambia waende jikoni wapewe chai.