Baba Aliyetoa Binti Bure

Sinema nilizozipenda ujanani zilikuwa za kipuuzi. Sijui kama nina haki ya kusema hivyo, maana shule yangu iliishia darasa la nane. Sizisemi za ngumi, zile hazikujidai. Wala za serikali za kuchimba vyoo, maana vyoo tulichimba kweli katika kijiji chetu cha ujamaa. Nazisema zile za madaktari na matajiri wapweke, ambamo mtu analia taratibu ili ujue amesoma.

Niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kipuuzi kuliko zote. Tuliiona Itigi, Jumapili mchana, ndani ya ghala karibu na stesheni, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Nilisimama kando ya kitambaa cheupe cha sinema nikiwafafanulia wazee kwa Kinyaturu, kwa kuwa ilisemekana najua Kiingereza. Mbele kabisa alikaa baba wa binti niliyetaka kumwoa. Washenga wangu walikuwa waende kwake wiki ile.

Mwishoni tajiri anafuta machozi, anamkabidhi daktari fukara binti yake. Nami nikifuta yangu, nikasema, "Anamwambia, mchukue."

Mzee akauliza, "Ng'ombe?"

"Hajawataja, mzee."

"Hajawataja, au wewe umewaruka?"

Mama mmoja nyuma akasema, "Mwacheni, anajisemea ya kwake." Ghala zima likacheka.

Ningeweza kuwaongeza ng'ombe. Nani angejua? Kwingine kote nisikoelewa nilikuwa nimebuni, nakiri. Lakini hapo nilielewa, nikaona aibu kudanganya. Nikarudia kwamba hajawataja.

Washenga walipokwenda, mzee aliwapa maziwa, akasema, "Mwambieni akaoe kule kwenye kitambaa. Wangu hatoki bure." Wakamweleza ng'ombe wapo, kwa mjomba wangu. Hakusikia.

Nikaenda mwenyewe, jambo lisilofanyika kwetu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Yale maneno yalikuwa ya yule baba, si yangu."

"Baba gani analia mbele ya mkwe?"

Hata sasa naona alikuwa na haki. Hayupo baba wa namna hiyo. Binti akaolewa na mwingine, huko Kinyangiri.

Miaka kadhaa baadaye sinema ile ililetwa Singida mjini. Nikaenda kusikiliza kama nilikosea. Ng'ombe hawakutajwa. Muziki ulikuwa wa kujipendekeza, na yule daktari hajui hata kushika sindano. Baba alipoanza kufuta machozi, nami nililia, palepale nilipolia kule Itigi.