Mchuzi Kwanza, Shamba Baadaye

Leila alivunjika mguu alipoanguka na pikipiki karibu na uwanja wa zamani wa ndege wa Simi-Simi, na kwa msimu mzima kitanda kikawa ndiyo dunia yake. Alikuwa mjane, mkulima wa nyanya na bamia nyuma ya nyumba, mwanamke asiyejua kukaa bure. Binti yake Nadia, alipoona mama analia kila alasiri, akamwekea mchezo kwenye simu.

"Hawa ni batu ya zamani sana, mama," alimwambia. "Hawana chuma, hawana chumvi. Kazi yako ni kubatunza basikufe."

Leila alicheka, kisha akanogewa. Watu wake wadogo walijenga vibanda vya ngozi, wakawinda, wakapanda nafaka kando ya mto. Ikaanguka theluji, kitu ambacho Leila hajawahi kukiona kwa macho, na watu wake wakafa kwa njaa mmoja baada ya mwingine, huku rundo la mifupa ya mawindo limelala nje ya vibanda. Alisikitika kana kwamba waliokufa ni majirani.

Alipoanza upya, ndipo akagundua kwamba mifupa ile haikuwa takataka. Ukiichemsha, watu wanapata mchuzi wa kuvukia baridi. Ukiisaga na kuimwaga shambani, nafaka inashamiri. Lakini ilibidi uchague, maana mfupa ulioingia chunguni ulipotea moja kwa moja.

"Huu muchezo iko na roho mubaya," alimlalamikia jirani yake Julienne. "Mufupa ukishachemka, si unabakia? Unaenda wapi?"

Julienne alitoka kwenye ukoo wa wavuvi wa maporomoko ya mto. Tangu siku ya ajali alikuwa akimletea Leila samaki na kumpalilia bustani bila kuombwa.

"Mie sijui michezo," alijibu. "Lakini nyanya yako, mama Leila, inakatala. Majani iko na rangi ya zambarau, miti inabakia mifupi. Ule udongo umechoka."

Kesho yake Leila alimwita shemeji yake Hemedi, ndugu wa marehemu mumewe, aliyekuwa na meza ya nyama sokoni.

"Shemeki, mifupa unaitupaka wapi?"

"Mbwa ndiyo inakula. Unataka kufuga mbwa?"

"Nataka kulisha nyanya."

Hemedi alidhani dawa za maumivu zimempanda shemeji yake kichwani, lakini gunia alileta. Julienne aliichemsha mifupa ile kwa tangawizi mpaka mchuzi ukawa mzito. Nusu walikunywa nyumbani kwa Leila, nusu ikaenda kwa watoto wa Julienne. Mabaki wakayavunjavunja na kuyafukia kwenye matuta.

Kulipokucha, mbwa wa mtaa mzima walikuwa wameshafukua kila tuta. Miche ilitapakaa mizizi juu. Kutoka dirishani Leila alimtazama Julienne amesimama katikati ya uharibifu ule, akajua sasa mwenzake atachoka naye. Julienne akakaa chini kwenye udongo, akacheka mpaka machozi.

"Bon! Leo mbwa ndiyo wamelima!"

Hawakukata tamaa. Mifupa ya gunia lililofuata waliichoma baada ya kuichemsha, ikawa myeupe, ikavunjika kwa vidole. Waliitwanga kwenye kinu kwa zamu, Leila akiwa ameketi na mguu wake ameunyoosha mbele, jasho likimtiririka, moyo mwepesi. Unga ule wakauchanganya na udongo, wakapanda miche mipya. Safari hii mbwa walinusa, wakaenda zao.

Siku Leila alipofika bustanini kwa mara ya kwanza akiegemea fimbo, alikuta majani ya kijani kibichi yamemfika kiunoni na nyanya zimeinamisha matawi. Alisimama kando ya Julienne. Aliwafikiria Nadia na simu yake, Hemedi na magunia yake, na huyu mwanamke asiye wa damu yake aliyepiga magoti kwenye matope yake mvua baada ya mvua.

"Aksanti, dada," alisema. "Ule upande wa bamia, kutoka leo iko wako. Si wa kunisaidia. Wako."

"Mie? Mie niko mutu ya mayi, mama Leila. Nyumbani tunajua nyavu."

"Na matuta haya nani alilima?"

Julienne aliutazama upande ule, akapangusa macho kwa ncha ya kitenge, kisha akaokota jembe.

"Alors, bamia sipandi," alisema. "Nitapanda pilipili."