Siku Nilipokataa Kunawa

Leo nacheka nikiyaandika haya, lakini siku ile sikucheka. Nchi ilikuwa na mwaka mmoja wa uhuru, nami nilikuwa na mwaka mmoja chuoni Nairobi. Nilirudi Msambweni likizoni na tai shingoni, kwenye joto lile, kana kwamba nilizaliwa nayo.

Mamangu alikuwa amenipelekea posa kwa Mzee Hamisi, aliyewahi kuwapikia Wazungu hotelini Diani. Mzee akanialika karamu ya Maulidi nyumbani kwake, apate kunitazama vizuri. Maji ya kunawa yalipopitishwa, niliyakataa. Sinia la pilau lilipowekwa kati yetu wanaume wanne, nikatoa kijiko mfukoni.

"Kula kwa mkono ni mambo ya kale," nikawaambia. "Sasa tunajitawala, wazee wangu. Tujifunze ustaarabu."

Mzee Hamisi akaninyooshea mkono.

"Kijiko kizuri hicho, mwanangu. Hebu nikione."

Nikampa kwa fahari. Nilidhani mpishi anajua kukoroga tu. Akakigeuza, akakisogeza karibu na macho, akayasoma polepole maandishi ya Kiingereza yaliyochongwa mpinini, kisha akawafasiria wenzake: "Mali ya chuo. Kisitolewe bwaloni."

Akanirudishia kwa adabu, akaagiza maji yaletwe tena.

"Nawa, mwanangu. Nawa sana. Na umwambie mama, posa yake nitaijibu kijiko kikisharudi kwao chuoni."