Geji ya Baba Chrispine

Shemeji yangu Clifford ana geji ya kupimia upepo wa tairi, na anavyoibeba kwenye mfuko wa shati ungedhani ni daktari. Aliinunua mwaka aliostaafu ukarani, na tangu siku hiyo hakuna dereva wa Homa Bay aliyesalimika na ulimi wake. Kwake, wanaopima tairi kwa teke ni washamba. Mimi ninayeziba pancha hapa Rodi Kopany, tangu ndugu yake aniache mjane, ni fundi wa gundi. Nilinyamaza kwa kuwa ni mkubwa wangu. Lakini mshamba alikuwa yeye, na leo nasema.

Mwaka jana mwanawe Chrispine alipata mchumba, Nyangi, binti wa dereva wa malori kule Isebania. Chrispine ana miaka thelathini na sita, na nyumba mbili zilishamkataa. Baba wa Nyangi, Mzee Magige, alituma neno moja tu: siku ya ayie, tunapokwenda kuomba ridhaa ya mama wa binti, tufike kabla ya saa sita. Tukichelewa, turudi na samaki wetu.

Siku hiyo gari la Clifford, Probox, lilinifikia Rodi saa tatu na nusu, limetoka kupanda kutoka Homa Bay na yeye, mkewe Teresa, Chrispine, magunia ya samaki wa mbuta na kreti za soda. Clifford akashuka na geji yake.

"Arobaini na mbili! Mlangoni imeandikwa thelathini na tatu!" Akaanza kutoa upepo, fyuuu, kila tairi.

"Baba Chrispine, wacha," nikamwambia. "Tairi ni moto, imetoka kukimbia. Upepo ukipata moto unapanda. Hiyo ni ya kupima asubuhi, gari haijawashwa. Na mzigo kama huu unataka upepo uongezwe."

"Min Valary," akasema, yaani mama Valary, kwa jina la binti yangu, "wewe paka gundi. Kupima niachie."

"Na tairi la speya je?"

"Speya inalala tu. Upepo itapotezea wapi?"

Nikapanda. Ningefanya nini?

Tairi lenye upepo mdogo hupata moto zaidi, kwa hiyo Rongo geji ilipanda tena, naye akatoa tena. Migori, vilevile. "Mnaona?" akatuambia. "Bila mimi mngekufa." Nilitamani kumpiga na kreti ya soda. Saa tano na nusu, hapo Mabera, tairi la nyuma likapasuka. Tukatoa speya, nayo laini kama ndizi mbivu.

Chrispine akaketi kando ya barabara, kichwa mikononi. "Basi," akasema. "Ya tatu nayo imeenda." Akampigia Nyangi simu, amwambie wasingoje.

Nyangi alikuja mwenyewe. Bibi arusi mzima, nywele amesuka asubuhi ile, anaendesha kanta, lori dogo la babake! Akaminya kwa kidole matairi matatu yaliyobaki.

"Baba, ulipima wapi?"

"Rodi, Rongo, Migori," Clifford akajibu kwa fahari.

"Zikiwa moto?"

Mwanaume akaificha geji mfukoni. Niliona raha, sitadanganya.

Tulifika Isebania saa saba. Mama wa Nyangi, Nyakerario, alisimama mlangoni akatutazama tukishuka kwenye kanta na magunia yetu.

"Hawa hawakuja," akasema. "Hawa wameletwa."

"Nilisema saa sita," Magige akaongeza. "Warudi."

Nyangi alikuwa bado ameshika usukani. "Sawa, baba. Gari hawana, nitawarudisha mimi. Lakini nikifika kwao sirudi."

Nyakerario akacheka mpaka akashika ukuta. Alikubali, kwa sharti moja: geji iwe mikononi mwa binti yake, maana nyumba anayoolewa haina mtu wa kuishika. Clifford akaitoa mfukoni polepole, nikadhani anang'oa jino.

Sasa Nyangi ameolewa Homa Bay. Kila asubuhi, gari likiwa baridi, yeye hupima matairi yote matano, na Clifford husimama nyuma akisubiri. "Mwanangu, iko sawa?" huuliza. Neno alilokataa kwangu miaka yote, kwa mkwewe amelimeza bila maji.

Clifford akipita Rodi siku hizi hasimami kwangu. Hupiga honi, akitazama mbele.