Moto Aliokuja Kuuomba Mke wa Jumbe

Mimi siwezi kukaa karibu na moto nikatulia. Watoto wangu wananijua. Nikishauwasha nainuka, naenda mlangoni, natazama njia ya mlimani, narudi, nasogeza kuni ambazo zimekaa vizuri, nainuka tena. Marehemu mume wangu alikuwa akisema, "Kaa basi, mwanamke, unanichosha macho." Sikai. Leo nataka kuandika sababu, kwa herufi hizi chache nilizofundishwa misheni kabla sijaolewa. Nikikosea herufi mtanisamehe. Maneno yenyewe sikosei.

Majina sitayaandika, kwa kuwa wajukuu wa watu hao wanacheza na watoto wangu. Lakini nikisema jumbe, kila mtu wa upande wetu wa Mgeta anajua ni jumbe gani, na nikisema mke wa jumbe, mwenyewe yu hai, nyumba yake naiona kutoka hapa nilipokaa.

Ilikuwa vita ya Mjerumani na Mwingereza, ile ya kwanza. Nilikuwa msichana, nakaribia kuchezwa ngoma. Nyumba yetu ilikuwa ya mama, na mkubwa wetu alikuwa mjomba, kaka yake mama wa tumbo moja. Mjomba ujanani aliwahi kuchukua mizigo ya wafanyabiashara mpaka Bagamoyo, na kitu alichorudi nacho ni pembe ya mbuzi yenye kizibo cha mti, ameifunga ugwe anaivaa begani. Ndani mlikuwa na jiwe la gumegume lililotoka kwenye bunduki ya zamani, kipande cha tupa kuukuu, na usufi uliounguzwa kidogo mpaka ukawa mweusi. Chuma kikilipiga jiwe, cheche inadondokea kwenye usufi, ndiyo moto huo.

Watu walimcheka. Kwetu moto ulikuwa hauwashwi, ulikuwa unaombwa. Ukizimikiwa unachukua kigae chako unakwenda kwa jirani, unapiga hodi, unapewa kaa. Hakuna anayekunyima. Unaweza kumnyima mtu chumvi, ukamnyima mbegu, hata salamu ukamnyima, lakini moto hapana. Ndiyo maana hakuna aliyejishughulisha kujifunza kuuwasha. "Unavaa jiko begani kama konokono," walimwambia mjomba, naye anacheka nao, haivui. Hata mtoni alioga nayo iko kwenye jiwe la karibu, jicho lake liko hapo.

Basi, Wajerumani walipoanza kurudi nyuma kutoka Morogoro wakitaka kupita milimani, wakawa wanakamata watu wa mizigo. Askari walikuwa hawazijui nyumba zetu. Aliyezijua ni jumbe, mkubwa wa kijiji aliyewekwa na serikali. Yeye alitangulia na fimbo yake, akifika mlangoni anaielekeza, askari wanaingia. Hakusema neno, fimbo tu. Fimbo hiyo ilielekezwa kwetu asubuhi moja na mjomba akatolewa nje angali anatafuna. Hata pembe yake hakuivaa, ilibaki imening'inia juu ya mafiga.

Wakampa kuvuta mzinga pamoja na wengine, kwa kamba, kama ng'ombe. Kwenye mteremko wenye matope mzinga ukaserereka, gurudumu likapita juu ya mkono wake wa kulia. Vidole vikasagika. Yule Mjerumani wa mzinga akatazama, akasema mkono umekufa lakini kichwa kizima, abebeshwe sanduku. Huyo naye namwandika hapa, mwenye masharubu ya njano na buti zilizopakwa mafuta wakati watu wake wanatembea na vidonda. Mjomba akatoroka wakati wa kuvuka mto, akarudi kwetu kwa kupita msituni.

Mama hakumwingiza ndani. Alimpeleka juu, kupita mashamba ya mwisho, kwenye pango ambalo mjomba alilijua tangu utoto alipokuwa akitega ndezi na wenzake. Kila aliyeuliza, mama alimjibu, "Kaka yangu mlimchukua nyinyi, mnaniuliza mimi?"

Sasa kule juu ni baridi na ni maji. Jiwe linatiririka, majani yanatiririka, na mjomba alikuwa na homa, mkono umevimba mpaka kiwiko. Bila moto asingemaliza siku nyingi. Kumpelekea kaa kutoka nyumbani haiwezekani, mtu anayepanda mlima na kigae cha moto anaonekana na nusu ya bonde, tena mvua inauzima njiani. Na moshi nao ni mdomo, unasema mtu yuko wapi. Saa pekee ya kuwasha ilikuwa pale ukungu unaposhuka mchana ukafunika kila kitu, ukungu na moshi visijulikane. Alfajiri, kabla hakujakucha vizuri, mjomba alikuwa anaufukia kwa udongo. Kwa hiyo kila ukungu ukishuka lazima uwashwe upya, na mkono wake haushiki tupa. Mama alikuwa anachungwa na macho ya jirani zake. Nikabaki mimi.

Mara ya kwanza nilikwenda na ile pembe nimeificha chini ya magimbi kwenye kikapu. Mjomba alikuwa amejikunja kama mtoto. Nikamwamkia, "Shikamoo, mjomba." Akaitikia, meno yanagongana. Akaniambia nishike jiwe kwa mkono wa kushoto, ukali wake utazame nje, nibane kipande cha usufi juu yake kwa kidole gumba, nipige kwa tupa. Nikapiga. Nikakipiga kidole.

"Mpwa wangu," akasema, "hilo jiwe limekukosea nini?"

"Si umesema nipige?"

"Nimesema upige, sijasema uliue. Unagonga kama anayevunja nazi. Ufute. Shuka nao, kama unamenya gimbi."

Nikamenya. Hakuna kitu. Nikamenya tena mpaka mkono ukafa ganzi. Nilikuwa nageuka kila mara kutazama nyuma, nasikia vijiti vinavunjika, nasikia kikohozi, ni maji tu. Nikawa napiga huku natazama mlango wa pango.

"Utamaliza saa ngapi kama macho yako yako nje?" akaniuliza. "Sasa unagonga kama mkwe anayebisha hodi. Nguvu kidogo, mama! Humwombi mtu radhi."

Nilicheka nikiwa nalia. Cheche moja ikaruka ikaingia kwenye usufi, ikatokea nukta nyekundu. Nikapuliza kwa furaha ikazimika.

"Unapoza uji?" mjomba akasema. "Pumua tu. Ipumulie kama unamnong'oneza mtu usiyetaka aamke."

Siku ile nilishindwa kabisa. Nilirudi nyumbani, yeye akalala hivyo hivyo kwenye maji. Usiku huo sikulala. Nilikuwa nakunja ngumi gizani, natelezesha mkono mmoja juu ya mwingine, mama ananiambia tulia, situlii.

Kesho yake ukungu uliposhuka nikaenda tena, na usufi ulishika. Nikaufunga ndani ya majani makavu ya mgomba niliyokuja nayo kifuani, nikanong'ona, moshi ukatoka, halafu ule mwali mdogo wa bluu. Mjomba hakunisifu. Alinyoosha mikono yote miwili, mzima na ule uliokufa, akafumba macho. Nami nikawa nakwenda kila ukungu uliposhuka. Homa ikaanza kupungua, akaanza kuniuliza habari za mashamba, akaanza kupanga kwamba miguu iliyolegezwa na homa ikipata nguvu atapita juu mpaka upande wa Kinole, ambako askari walikwisha pita. Tulibakiza hilo tu, nguvu za miguu.

Pembe nilikuwa narudi nayo. Usufi ukiingia unyevu hauwaki tena, na pango lilikuwa linavuja, kwa hiyo kila jioni niliitundika juu ya mafiga yetu ikauke.

Ikaja mvua ya upepo. Ilifumua mapaa, maji yakaingia majikoni mteremko mzima, moto ukazimika kila nyumba. Viberiti vilikwisha zamani kwenye duka la Mhindi. Asubuhi mvua ilikatika, mbingu zikawa wazi, na hapakuwa na moshi hata mmoja kutoka juu mpaka mtoni. Mama akaniambia, "Washa wetu, nimkorogee uji umpelekee." Nikatoa pembe, nikaketi. Ndipo tukasikia hodi.

Alikuwa mke wa jumbe, na kigae chake mkononi. Kanga yake ilikuwa imelowa mpaka magotini. Kwao walikuwa wamelala askari, asubuhi wanadai chakula, na mmoja wao alikwisha kuchukua kiboko.

"Dada, nimezunguka kila nyumba," akasema. "Nyinyi mna moto?"

Mimi nilikwisha ifunika pembe kwa upande wa nguo. Nikamtazama mama. Hapo ndipo watu wanaponiambia mpaka leo: mama yako angesema hatuna. Ni rahisi kusema. Yule alimwomba moto. Mama alizaliwa kwenye moto wa kuombwa, akazaa kwenye moto wa kuombwa, na siku ananizaa mimi kaa lilitoka nyumbani kwa mwanamke huyo huyo. Ulimi wake haukuwa na neno la kunyima.

"Kaa kidogo," mama akasema. Na kwangu, "Washa, mwanangu."

Nikawasha. Pigo la kwanza tu, usufi ukashika. Sijawahi kuwasha vizuri namna ile. Mke wa jumbe hakuutazama moto, alitazama pembe.

"Hiyo si ya kaka yako?"

"Aliiacha," mama akasema.

"Yule? Aliyekuwa anaoga nayo?" Akacheka, akatuangalia mmoja mmoja. "Haya, aliiacha. Na huyu mtoto mkono mwepesi hivi amefundishwa lini? Mwezi uliopita si alikuja kwangu na kigae kuomba moto, analia kwamba mama yake atampiga?"

Mama akasema watoto wanajifunza. Mke wa jumbe akasema ndiyo, wanajifunza. Akapokea makaa yake, akashukuru vizuri kama siku zote, akateremka huku anayapulizia.

Nikataka kukimbia juu saa ile ile. Mama akanishika kiuno. "Ni kweupe. Ukipanda sasa utakuwa unawaonyesha njia. Ngoja ukungu."

Tukangoja. Ukungu unaokuja kila siku, siku hiyo haukuja. Nilikwenda mlangoni, nikarudi. Nikafagia nilipokwisha fagia. Nikaona moshi unapanda kutoka kwa jumbe, mwingi, mzito, wa watu wanaopika nyama, moshi wa moto wetu. Nikasema mama niende. Akasema ngoja. Nikasimama kwenye migomba, nikawa nautazama ule mlima ulivyo wazi, kila mti unauona, nikauchukia. Uji wa mjomba ulikuwa umepoa juu ya mafiga.

Ukungu uliposhuka nilikimbia bila kikapu. Sikufika. Kwenye kona ya mashamba ya mwisho nilisikia sauti, nikasimama pembeni, wakatokea. Mbele jumbe. Hakuna aliyemfuata mtu, hakuna aliyeonyeshwa njia. Yeye ndiye aliyekuwa mmoja wa wenzake mjomba waliokuwa wakitega ndezi pale utotoni, na alipoambiwa na mkewe kwamba mtu yuko karibu hakuhitaji kufikiri yuko wapi. Nyuma yake askari wawili, na katikati mjomba, kamba shingoni, mkono ule mbovu ameuweka kifuani.

Mjomba aliniona. Akanitazama kama asiyenijua, akapaza sauti ya ukali, "Wewe binti, wa nani unayezurura kwenye mvua? Rudi kwenu, utalowa!"

Jumbe alinijua. Aliinamisha macho, akapita. Sijui kama alinionea huruma au aliona mzigo wake umetosha. Askari mmoja alikuwa bado anachokoa meno.

Mjomba hakurudi. Waliorudi walisema alianguka ng'ambo ya Mto Rufiji, wengine wanasema kabla ya hapo. Hakuna kaburi la kufagia. Mwingereza alipoingia, jumbe alivaa kanzu safi akaenda kumsalimu, akaendelea kuwa mkubwa wetu mpaka alipokufa kwenye kitanda chake, miguu ameelekeza motoni. Nilimsikia mara moja anawaambia wanaume, "Wasingempata yeye wangenichukua mimi." Ni kweli. Nami naandika kwamba ni kweli. Wangemchukua yeye, nasi tungekuwa na mjomba.

Wako wanaosema nisingeitoa pembe mbele ya yule mwanamke. Sikubali. Aliyekuja kuomba moto akaondoka na moto na mtu, kosa ni lake, na la mume wake, na la wale waliokula ile nyama. Msilitafutie kwangu wala kwa mama yangu.

Sasa viberiti vimeadimika tena, kuna vita nyingine ya hao hao. Mke wa jumbe ni mjane, amezeeka, macho yana ukungu. Mvua ikinyesha jiko lake linazimika, na mimi ndiye jirani wa karibu. Anakuja na kigae. Anapiga hodi, namwambia karibu. Jikoni kwangu moto unawaka, anausikia unavyolia. Simpi huo.

Namwambia, "Kaa." Nachukua pembe juu ya mafiga. Naketi mbele yake, goti langu karibu na goti lake, natoa jiwe, natoa tupa. Nagonga. Nagonga tena. Yeye anatazama chini.

Juzi alisema, "Mwanangu, si una moto huko ndani?"

"Ninao."

Nikagonga. Baadaye akasema polepole, "Usufi wako siku hizi unachelewa kushika."

"Hauchelewi, mama," nikamwambia. "Kaa."

Nikagonga mpaka niliporidhika. Halafu nikaushika kwa pigo moja, nikanong'ona, nikamwekea makaa kwenye kigae chake yakajaa. Alishukuru vizuri. Akateremka anapulizia. Nami nikainuka, nikaenda mlangoni, nikatazama njia ya mlimani, nikarudi, nikasogeza kuni.