Bawa Lililo Juu ya Mlango

Juu ya mlango wa karakana ile limetundikwa bawa jeusi la gari, lenye urefu wa mita moja na nusu. Wapita njia hudhani ni tangazo, na kweli ni tangazo. Ndicho kitu pekee kilichobaki kizima siku gari dogo la mbio lilipoacha lami kwenye kona ya uwanja wa zamani wa ndege, likagonga ukingo wa zege na kukunjika kama kopo lililokanyagwa. Boneti iliokotwa majanini, mbali. Bawa halikupata hata mkwaruzo.

Aliyelitengeneza ni mwenye karakana. Aliyekuwa akiendesha ni mdogo wake wa kuzaliwa, na ndiye aliyeng'ang'ania litundikwe pale.

"Watu waone kazi yako, kaka," alisema wiki aliyotoka hospitali. "Mimi nimevunjika, gari limevunjika, bawa limekataa. Tangazo gani litashinda hilo?"

Kaka mtu alipanda ngazi akalitundika. Angesema nini?

Mtaa mzima unamwita Fundi Mkia. Mwaka wa ishirini na moja huu anatengeneza mabawa ya nyuma ya magari, ambayo wateja huyaita spoila na yeye huyaita mikia. Hutandika vitambaa vya faiba kwenye kalibu, akavipaka gundi kwa brashi, akangoja vikauke, kisha akaanza kusugua kwa msasa. Kusugua ndiko kunakommaliza. Vumbi la faiba huingia kwenye mikunjo ya viwiko, shingoni, mpaka kwenye shuka. Nyumbani nguo zake zina beseni lake peke yake, na mkewe huzifua kwa fimbo, asije akawashwa.

Mdogo wake ni Rubani, jina alilolipata enzi za kushindana kila Jumapili kwenye uwanja ule ambao ndege ziliuhama zamani. Sasa hana miguu ya kusimamia. Hukaa kwenye kiti cha magurudumu kando ya mlango, mbele yake meza ndogo yenye simu na daftari la wateja, na ulimi wake haujapunguka hata robo.

"Gari bila mkia ni kuku aliyenyonyolewa," huwaambia wanaositasita. Wanacheka, wanaagiza.

Wakimuuliza habari za ajali hafichi. "Kosa langu. Niliingia kona kama mwehu. Ila usukani siku ile ulikuwa mwepesi, jamani, mwepesi kama wa gari la kuchezea." Kila anapofika kwenye usukani, sauti ya msasa kule ndani hukatika. Baada ya kitambo huanza tena. Hakuna aliyewahi kuliona hilo, maana anayesugua hupumzika akipenda.

Maneno hayo hayo Rubani alimwambia mama yao, akimwomba radhi, kwa kuwa mama alimkataza mbio na hakusikia. Mama alifariki mwaka jana. Hakuwa mtu wa kusamehe haraka.

Fundi Mkia ana desturi moja ambayo mafundi wenzake huicheka: hakuna mkia unaotoka kwake bila kukaliwa. Unafungwa kwenye gari, mtu anaukalia kwa uzito wake wote, na usipolia hata kidogo ndipo unamfaa mteja. Zamani mkaliaji alikuwa Rubani, kilo themanini na mbili. Siku ya lile bawa jeusi alilikalia akarukaruka juu yake mara tatu kama mtoto juu ya kitanda cha wageni, akipiga kelele, "Halisogei, kaka! Halisogei!"

Kaka mtu alikuwa amesimama mbele ya gari, mikono mfukoni. Aliona pua ya gari ikiinuka. Pengo kati ya tairi la mbele na madigadi lilipanuka upana wa kidole, likarudi, likapanuka tena. Aliliona kama anavyoyaona mambo yote ya magari, wazi kabisa. Akacheka. Alichojali ni bawa kubeba mtu, na lilikuwa limembeba.

Siku ya kumi na moja hospitalini, ndipo Rubani alipoutaja usukani kwa mara ya kwanza. Fundi Mkia alikuwa amemshikia kikombe cha chai. Akaelewa yote kwa mkupuo mmoja. Gari likikimbia vile, upepo huukalia mkia kama mtu anavyoukalia. Mkia umening'inia nyuma ya magurudumu ya nyuma, kwa hiyo ukikandamizwa pua inanyanyuka, na magurudumu yanayokata kona yanabaki kupapasa lami. Kama bawa lingekuwa bovu lingevunjika au lingepitisha upepo bure, na mdogo wake angekata kona kama Jumapili nyingine zote. Lilikuwa zuri.

Siku ile alinyamaza kwa sababu mgonjwa alikuwa na maumivu. Siku iliyofuata alinyamaza kwa sababu ya jana alinyamaza. Imekuwa miaka mitatu. Tangu wakati huo mikia yake yote huilaza chali kama rafu ya vikombe, upepo upite zake. Wateja hawajui tofauti. Wanapiga picha, wanaridhika.

Asubuhi moja ya mawingu aliingia daktari wa meno, mwanamke wa makamo mwenye kucha fupi na maswali mafupi. Nje alikuwa ameegesha gari la viti viwili, aina na umbo sawasawa na lile lililokunjika, tofauti rangi tu.

"Hilo la juu ya mlango linauzwa?"

"Kwa wewe, Daktari, lilikuwa linakusubiri," Rubani alidakia. "Gari lako na langu yalizaliwa tumbo moja."

"Sitaki la picha. Nakimbia uwanjani Jumapili, na nyuma linanitelezea. Nataka linalofanya kazi. Fundi, linafaa?"

Fundi Mkia alijifuta mikono, ingawa haikuwa na kitu. "Ningeanza na matairi, Daktari. Na breki."

"Nimeshabadilisha vyote."

"Na huo mkia mdogo uliokuja na gari, hautoshi? Hao waliolitengeneza walipima mbele na nyuma kwa pamoja. Mimi nikiongeza nyuma peke yake, nawavurugia mizani yao."

"Basi ongeza na mbele."

"Sina pa kupimia. Mimi napimia makalio."

Daktari alicheka. Rubani hakucheka. "Kaka, mteja amekuja na miguu yake unamfukuza? Msamehe, Daktari, siku hizi anatengeneza mbao za kuanikia vikombe, anaita mabawa. Hilo hapo juu ndiyo kazi ya mikono yake. Lishushe, kaka. Lifunge alikalie mwenyewe."

Alipanda ngazi ile ile. Shughuli ilichukua karibu saa nzima, na muda wote alingoja boliti moja ikatae. Shimo moja tu lisikubaliane na jingine, aseme basi, halikai, samahani. Vyuma vya kulishikilia vilipita chini ya buti vikaikuta chasisi pale pale vilipoikuta zamani. Boliti zote nane ziliingia kwa vidole.

"Ungemfungia mwanao?" Daktari aliuliza, akimtazama jinsi anavyotazama mdomo uliofunguliwa.

"Niulize tukishapima."

Daktari alivua viatu akapanda. Bawa likatulia.

"Wewe mwepesi, Daktari, hapo ni kama ametua nzi," Rubani alisema. "Kaka, panda naye. Subirini kwanza, nizunguke mbele niwapige picha." Akasukuma magurudumu yake, akazunguka, akasimama mbele ya tairi la kulia, simu mkononi.

Fundi Mkia alimtazama pale alipo. Macho ya mtu aliyekaa kwenye kiti kile hayako juu kama ya mtu aliyesimama. Yalikuwa usawa wa tairi. Angeweza kusema mgongo unamuuma. Daktari angelipa, angeondoka, na Jumapili angeingia kwenye ile kona.

Akashika ukingo, akajiinua, akakaa.

Hakusikia simu ikipiga picha. Alisikia magurudumu ya kiti yakisogea hatua moja.

"Shukeni," Rubani alisema.

Wakashuka.

"Kaeni tena."

Wakakaa. Rubani alikuwa ameingiza kidole kati ya tairi na madigadi. Alikiacha pale.

"Kaka. Ile siku nilipokalia mimi, wewe ulisimama wapi?"

"Hapo ulipo."

"Uliona?"

"Niliona."

"Na mimi nakwambia usukani mwepesi, usukani mwepesi."

"Ndiyo."

"Umejua tangu lini?"

"Ulikuwa bado hospitali. Siku ya kumi na moja."

Rubani alichomoa kidole, akakipangusa kwenye suruali. "Mama amekufa akijua ni ujinga wangu," alisema. Hakupaza sauti. Mtu aliyekuwa akipita nje angedhani wanaelewana bei.

Daktari alishuka, akavaa viatu. Fundi Mkia alimweleza kwa sentensi chache jinsi pua inavyonyanyuka na kwa nini bawa lile halimfai, wala lingine lolote la kufunga nyuma peke yake. Barabarani ni pambo, alisema, na uwanjani ni nusu ya kazi, na nusu ya kazi ni hatari kuliko kutofanya kabisa. Alisema vizuri. Maneno hayo alikuwa ameyapanga muda mrefu. Daktari alisikiliza, akashukuru, akangoja afunguliwe boliti. Alipokuwa akiondoka alimuaga Rubani kwa kumpa mkono, na Rubani akaupokea bila utani.

Fundi Mkia alichukua msumeno.

"Unataka kufanya nini?"

"Nilikate, mdogo wangu. Nilitupe."

"Lirudishe juu."

"Kwa nini?"

"Lirudishe lilipokuwa."

Akapanda ngazi.

Karakana inafunguliwa saa mbili kila siku, kama kawaida. Kaka humsukuma mdogo wake kutoka nyumbani, maana barabara ina mawe na hakuna mwingine wa kumsukuma. Wateja bado huingia wakitazama juu. Wakiuliza kama bawa lina faida yoyote, Rubani hawaambii tena habari za kuku wala za usukani. Huwaonyesha ndani kwa kidevu.

"Muulizeni fundi."

Rubani mwenyewe akimtaka kwa jambo lolote, mteja amefika, simu inaita, mvua imeanza kuingia mezani, humwita hivyo hivyo, wala si kaka. Fundi. Kule ndani msasa hukatika kidogo, fundi akangoja kama kuna neno jingine linafuata, kisha akaendelea kusugua.