Nilivyokwenda Kunduchi Kumtuliza Petro

Mjomba wangu kule Tabora alikuwa mtu wa nyuki. Mie nilikuwa mtoto, kazi yangu kupuliza moshi na kukimbia. Siku moja akauhamisha mzinga kutoka kwenye mninga, akautundika kwenye mti mwingine pale pale jirani, hata ukirusha jiwe linafika. Eti kule kuna kivuli kizuri. Asubuhi nyuki wakatoka kutafuta maua. Waliporudi, wakarudi kwenye mninga. Mzinga haupo. Wakajikusanya kwenye tawi tupu, fundo jeusi, wananguruma. Nikasema, “Mjomba, si uwaonyeshe nyumba yao, ile pale?” Akanijibu, “Nyuki haonyeshwi nyumba.” Mjomba huyo alikuwa na sikio moja tu, lakini hiyo ni habari nyingine.

Sijui kwa nini niliwakumbuka nyuki wale siku simu ilipolia Mbagala, ninapokaa kwa binti yangu. Au najua, basi tu.

Aliyepiga ni Elia, mtoto wa Petro. Nimweleze Petro kwanza. Sie wawili tulitumwa na kanisa kuhubiri ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo. Tulikwenda na nywele nyeusi, tukarudi wazee. Mie darasa la nne, yeye la tano, na hilo darasa moja alinitambiaga miaka yote. Mke wangu alikuwa ametangulia mbele ya haki kabla hatujaondoka. Wa kwake, Raheli, tulimzika kule kule, nyuma ya kanisa. Tuliporudi watu wakatuimbia, wakatupa kila mmoja shuka, kisha mie Mbagala, yeye Kunduchi kwa huyu Elia.

“Baba mdogo, shikamoo,” Elia akasema. “Mzee katuponza huku.”

“Marahaba. Kafanya nini?”

“Kaokota rimu ya lori gereji, kaitundika kwenye mpera, alfajiri kaigonga.”

Nikafumba macho. Kule hatukuwa na kengele. Tulikuwa na rimu, na Petro ndiye mgongaji. Akiigonga kwa nondo, watu wanakuja na vigoda vyao, wengine hawajanawa uso, tunasali pamoja ndipo kila mtu aende shambani. Lakini Dar es Salaam chuma kikigongwa gizani maana yake ni moja.

“Mtaa mzima ukatoka na marungu,” Elia akaendelea. “Mwizi! Mwizi! Wakamkuta Shabani, mume wa jirani yetu, anakimbia na ndoo kuwahi samaki pwani. Wakamwangusha. Kama si mzee kumlalia juu, wangemuua. Sasa mzee hasemi na mtu. Anasema anarudi Kongo. Baba mdogo, kwa umri ule akienda hatumwoni tena. Njoo umtulize, wewe atakusikia.”

Asubuhi iliyofuata nikaondoka Mbagala kwa basi la mwendokasi. Kijana akanipisha kiti, akaniamkia, kisha akarudi kwenye simu yake. Ni watu wazuri, siwasemi. Ila kule mtu akikaa jirani yako anakuuliza umetoka wapi, unakwenda kwa nani, na huyo unayemwendea anaumwa nini. Hapa nimesafiri mji mzima nikiwa na jibu na hakuna wa kuniuliza.

Ubungo nilipita kwa makusudi, njia nyingine zipo. Pale ndipo waumini walipotusindikiza zamani, wakati mabasi ya bara yote yalikuwa yakianzia hapo. Raheli alibeba kuku kwenye kikapu, kondakta akakataa kuku, Raheli akakataa kupanda. Mwishowe kuku akapanda. Nikashuka nitazame. Stendi haipo. Barabara zimepanda juu ya barabara, na maduka mapya yamejaa. Nilisimama palipokuwa na kile kikapu, kwa kukadiria, mpaka mlinzi akaniuliza, “Mzee, umepotea?” Nikamwambia bado.

Kufika Kunduchi ilikuwa karibu na adhuhuri. Petro alikuwa kwenye benchi chini ya mpera, na rimu inaning'inia juu yake. Tukapigiana makofi taratibu kwanza, kama wanavyoamkiana kule, ndipo tukashikana mikono. Mke wa Elia akatucheka, akaenda kutia chai.

“Umetumwa,” Petro akasema.

“Nimetumwa.”

“Wewe hapo Mbagala unalala?”

Mie sijui kudanganya, au najua ila si kwake. Nikamwambia alfajiri naamka, nakaa kitandani, nasikiliza. Nasikia pikipiki, nasikia adhana, nasikia majogoo ya watu. Halafu binti yangu ananiwekea kiti mbele ya televisheni, ananifunika miguu kama mgonjwa. Ananipenda. Hakuna anachohitaji kwangu.

“Basi umekuja kumtuliza nani?” Petro akaniuliza.

Kabla sijajibu, akaingia mwanamke mnene na upawa mkononi, hajapiga hodi. Ndiye Bi Zuhura, mkaanga samaki, mke wa Shabani aliyeangushwa. Elia, aliyekuwa amekaa nasi, akasimama haraka. Mie nikaogopa.

“Hawa ndio Wanyamwezi?” akauliza. “Wawili sasa! Mmoja alitaka kunifanya mjane, huyu wa pili kaja kumalizia?”

Nikaanza kupumua. Nilijua sauti hiyo. Bi Zuhura ni Mzaramo, na Wazaramo na sie Wanyamwezi ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakiteremka pwani na mizigo kichwani. Mtani haendi polisi. Mtani anakuja kukutukana, na akishakutukana, yameisha.

“Mama, tusamehe,” Petro akasema. “Mumeo anaendeleaje?”

“Mume wangu kavimba kichwa, na kilikuwa kikubwa tangu zamani! Sasa nachukua changu.” Akainua upawa, akaelekeza juu. “Hicho chuma. Kinafaa jiko, kikaango changu kitakaa hapo vizuri.”

Mtani akichukua kitu chako, huwezi kumnyima. Ndiyo desturi. Petro akapanda kwenye benchi mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akaifungua kamba. Akaishika ile rimu kifuani kidogo, kisha akampa.

“Uigongage mara moja moja,” akamwambia.

“Nigonge nini, niue wateja?” Bi Zuhura akacheka, akaondoka nayo, anaivingirisha mchangani. Tukacheka wote. Petro alicheka kuliko sote, mpaka akafuta macho kwa shati. Elia akaninong'oneza, “Asante, baba mdogo. Mambo yamekwisha.” Mie nikatazama ile kamba kwenye mpera. Nikaona Petro naye anaitazama.

Tukala wali na samaki alioleta Bi Zuhura, moto bado. Katikati ya kula Petro akauliza kama mtu anayeuliza chumvi, “Hivi mabasi ya Kigoma bado yanatoka Ubungo?”

“Yalihama. Yako Mbezi.”

“Ahaa.”

Ni hilo tu, na Kigoma ndiko tulikovukia ziwa. Nilikuwa nimekuja na maneno ya kumtuliza, nimeyapanga tangu Mbagala, yote yakabaki tumboni pamoja na wali. Ningemwambia nini? Kwamba nyumba yake ndiyo hii?

Saa za kuaga, akasema atanisindikiza mpaka Mtongani, barabarani. Akajitupia lile shuka la kanisa begani, eti kuna upepo. Elia akataka kuja, Petro akamwambia, “Kaa. Waache wazee waseme yao.” Tukatembea. Tulipita kibarazani kwa Bi Zuhura, rimu imeshawekewa mkaa, mafuta yanachemka, Shabani kakaa pembeni na kitambaa kichwani, akatupungia.

Kituoni basi langu likaja. Safari ile ilinifunza kwamba mtu anaweza kutumwa kumtuliza mwenzake, akafika, akakuta asiyetulia ni yeye mwenyewe. Lakini hayo nayasema leo. Siku ile nilisema tu, “Ukifika, mwamkie Raheli.”

Akanipigia makofi taratibu. Nikapanda. Nilipogeuka dirishani, Petro hakuwa ameshika njia ya nyumbani kwa Elia. Alikuwa amevuka barabara, shuka begani, anatembea bila haraka kuelekea mabasi ya Mbezi, na Kunduchi hakurudi tena.